Mpigaji Hufuata Miguu

Tadbourne,
2 Mei 1976

Kaka Amos,

Salamu zako nimezipata kwa mkeo Thelma, maana kalamu yako mwenyewe imeota kutu tangu Januari. Sisi tu wazima. Baba ni mzima wa kupindukia: jana saa kumi na moja alfajiri alishakuwa juu ya kilima, njuga miguuni, kofia imejaa maua, anatukaripia kwa kuchelewa wakati jua lenyewe halijafika. Tukalichezea, likachomoza. Ukimsikiliza Baba, bila ngoma yetu ya morris Uingereza nzima ingebaki gizani.

Lakini aliporuka mruko wa mwisho na kutua, nilimwona usoni. Magoti yamekwisha, Amos. Nyumbani nilimfungua njuga mimi, kama kawaida. Kuinama hawezi, na kukubali kwamba hawezi hataki.

Sasa sikiliza. Chuo cha ukunga cha Aberdeen kimenipa nafasi tena, kinafungua Jumatatu tarehe 6 Septemba. Hii ni mara ya tatu. Ya kwanza babu alikufa, ya pili mama akaugua. Safari hii wameandika wazi: nisipofika asubuhi hiyo nafasi inakwenda kwa mwingine, na Oktoba nikitimiza miaka thelathini hawanipokei tena.

Nilimwambia Baba tukishuka kilimani. Hakukasirika, na afadhali angekasirika. Alisema, “Nenda tu, mwanangu. Sisi tutavua njuga.” Halafu akaomba chai. Jioni Ned Souch alifunga bucha yake mapema akaja na soseji kilo nzima, kunikumbusha kwamba timu imetimiza miaka mia mwaka huu na haijawahi kufa mikononi mwa mtu. Nikamwambia, “Ned, soseji nimezipokea, hotuba rudi nayo.”

Unajua babu alikataza muziki wetu usiandikwe wala usinaswe kwenye kanda. Dunia nzima tunaojua kuupiga ni wawili, mimi na wewe. Njoo Pentekoste. Siku nne zinakutosha kuukumbuka, halafu uwe unakuja siku za ngoma tu, ni Jumamosi chache kwa mwaka. Hiyo miaka tisa uliyoniachia kodiani sitaitaja tena. Sikuombi kingine, nakuomba vidole vyako tu.

Mdogo wako,
Hester

*

Hull,
19 Mei 1976

Hester mdogo wangu,

Hongera! Mama angeruka hadi dari. Thelma ameanza kukufumia sweta, anasema baridi ya Aberdeen inavunja meno.

Samahani kwa mwandiko, naandika nikiwa kwenye basi.

Kuja nitakuja, wakinipa ruhusa. Kiwandani wanabana, mbao zimejaa mpaka nje ya uzio. Nitajitahidi Pentekoste. Lakini usiniwekee matumaini yote mimi. Yule Bwana Clutterbuck wa Banbury si anapiga kodiani? Mjaribuni. Muziki wetu si wa malaika, ni wa babu, na babu mwenyewe nusu ya wakati alikuwa amelewa.

Baba usimwambie lolote kuhusu mimi. Msalimie tu.

Kaka yako,
Amos

*

Tadbourne,
8 Juni 1976

Amos,

Jana nilisimama kituoni mabasi matatu yakapita. La tatu dereva akaniuliza, “Mama, unapanda au unayahesabu?” Kumbe naitwa mama tayari.

Basi, Clutterbuck wako tulimjaribu. Nilimfundisha siku mbili nzima kwa kumwimbia, maana kuandika ni haramu, na yeye akajifanya kaelewa. Jana, mbele ya kijiji kizima, akachomoa kitabu chake mfukoni akapiga kitu kinachofanana. Anapiga safi kabisa, shida yake haangalii mtu. Na wewe wajua babu alivyotuchapa kwa fimbo ya ngoma mpaka ikatuingia: mpigaji hufuata miguu, miguu haifuati mpigaji. Ned ana nyonga mbovu, lazima umsubiri ashuke. Percy huruka juu kuliko akili yake, lazima umsubiri zaidi. Clutterbuck hakumsubiri mtu, akaenda zake mbele kama saa ya ukutani. Kwenye ngoma ya fimbo Ned akapiga pale ambapo Percy alitakiwa awe hayupo, na Percy alikuwepo. Ana nundu kwenye paji la uso, leo kagawa barua na kofia imekaa upande. Barua zako anazipima kwa mkono kabla ya kunipa. Anasema, “Nyepesi hizi, Hester. Mtu anayekuja huandika nzito.”

Watu walicheka, timu ikasimama, na Clutterbuck akaondoka bila hata kunywa bia. Baba hakucheka. Alinijia nilipokaa akasema, “Unaona?”

Neno hilo tu. Alikuwa na furaha, Amos. Alijitahidi kuificha ikamshinda.

Nikachukua kodiani nikapiga mpaka jua kuzama. Wakicheza nami hawakosei hata hatua, na kadiri wanavyocheza vizuri ndivyo mlango unavyozidi kunifungia.

Njoo Julai. Na hilo basi lako linapita wapi, kwenye mashimo ya mawe? Mwandiko kama kuku kapekua.

Hester

*

Hull,
2 Julai 1976

Hester,

Nisamehe. Nilikuwa na homa ile wiki ya Pentekoste. Julai pia naona itakuwa vigumu, kuna hesabu ya ghala. Labda Agosti. Usikate tamaa, na usinikasirikie. Nakuandikia kwa haraka.

Amos

*

Tadbourne,
21 Julai 1976

Amos,

Mwezi Mei lilikuwa basi, Juni homa, Julai ghala. Agosti utaniambia umefufuka unakwenda mbinguni.

Huku joto linaua. Nyasi za uwanjani zimekuwa rangi ya biskuti, maji yanakatwa, na mimi nafua mashati sita meupe na leso kumi na mbili kila Jumapili kwa maji tuliyoogea. Wiki iliyopita tulikwenda tamasha la Wexbourne, timu kumi na nne, na hakuna hata moja iliyocheza kama yetu. Timu moja ina wanawake wanaocheza! Ned akasema ni mwisho wa dunia. Nikamwambia ngoja kwanza mimi niondoke ndipo iishe. Akageukia bia yake. Wote siku hizi hugeukia bia zao nikitaja kuondoka, kama nimetaja ugonjwa.

Sasa pata hii. Msimu wetu huisha Jumamosi ya mwisho ya Agosti, hata wewe unajua. Jana kwenye baa Baba alisimama akatangaza kwamba kwa ajili ya miaka mia ya timu ameongeza siku: Jumapili tarehe 5 Septemba, timu nne za jirani zimealikwa, na Tadbourne itafunga pazia saa nane mchana. Gari moshi la mwisho linaloweza kunifikisha Aberdeen kabla ya Jumatatu asubuhi linaondoka Banbury saa nane na nusu. Baba anaijua ratiba hiyo. Mimi mwenyewe nilimsomea, mezani.

Watu walishangilia. Wakanigeukia na bilauri juu, “Hester! Hester!” Ungefanyaje? Niliinua yangu.

Ulizaliwa wa kwanza, babu alikupa mikono ile akakwambia ni ya kodiani mpaka kufa. Ukaondoka nayo. Ukaiweka mfukoni huko Hull, na mimi nimekaa kwenye kiti chako miaka tisa. Mikono usiyoitumia bora usingekuwa nayo.

H.

*

Hull,
27 Julai 1976

Hester,

Basi hakuna. Homa hakuna. Wala ghala.

Mwezi Novemba mwaka jana msumeno wa kiwandani ulinikata mkono wa kulia. Kidole cha shahada na cha kati vimekwenda, kuanzia shina. Kalamu naishika kwa gumba na cha pete, ndiyo maana ya huo mwandiko wa kuku. Kodiani sitapiga tena. Nilijaribu ya jirani mwezi Machi, mlango nimefunga, Thelma nimemtuma dukani. Sitaki kueleza zaidi.

Kwa nini sikusema? Siku ninaondoka, Baba alisimama mlangoni akaniambia, “Utarudi tu. Mikono yako itakurudisha.” Nilimchukia kwa maneno yale, na kila mwaka nikaona ni kweli. Nilikuwa nagonga muziki wetu mezani kwa vidole wakati nasubiri chai. Siku zote nilijua kwamba nikizidiwa nitarudi, nitachukua kodiani, na hakuna atakayeuliza kitu. Sasa nirudi na nini? Uliponiandikia “nakuomba vidole vyako tu”, nilikaa na barua yako ukumbini mpaka Thelma akadhani kuna msiba.

Kukuahidi lilikuwa kosa kubwa. Nimekupotezea miezi mitatu kwa kuona haya. Baba asijue, nakusihi.

Amos

*

Tadbourne,
9 Agosti 1976

Kaka yangu Amos,

Nimeisoma chooni, maana ndiko kuliko na kitasa. Nimeisoma mara nne. Niliyokuandikia siwezi kuyafuta, nayajutia kila herufi. Nisamehe ukiweza. Percy aliponipa barua yako alisema, “Nzito leo,” nikafikiri unakuja.

Sasa hakuna wa kunipokea kodiani, na hilo sikulaumu tena. Acha nikwambie jambo jingine tu. Jumamosi Baba aliniita bandani. Ametengeneza kiti, cha mti wa mwaloni, cha mpigaji. Kina mahali pa kuegemeza kiwiko cha kushoto, kimepunguzwa miguu kwa sababu mimi ni mfupi, na nyuma amechonga jina langu kwa kisu. Wiki tano alikuwa anakitengeneza na magoti yale. Akasema, “Kaa tuone.” Nikakaa. Kimenitosha kabisa, Amos. Nikasema asante, nikaenda kulia kwenye kamba ya nguo katikati ya mashati yao.

Angekuwa mtu mbaya ningeshaondoka zamani.

Nimewaandikia Aberdeen kwamba siji. Barua iko nyuma ya saa ya jikoni, bado stempu. Nitainunua nikienda posta.

Thelma asiharibu lile sweta. Hata huku kuna baridi.

Hester

*

Hull,
18 Agosti 1976

Hester,

Usiiposti! Soma kwanza hii, hata kama ni chooni.

Mwaka 1954, Jumatatu ya Pentekoste, wewe ulikuwa kitandani na surua. Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja, nimekaa chini karibu na kiti cha babu, nashika mkoba wake. Katikati ya ngoma ya leso babu aliacha kupiga. Bia ilikuwa imemzidi. Kodiani ikashuka mapajani, akalala. Wachezaji sita walikuwa hewani.

Hawakusimama, Hester. Walicheza mpaka mwisho kwa njuga tu. Njuga zinajua muziki, maana miguu ndiyo inayouchukua. Babu mwenyewe ndiye aliyesema mpigaji hufuata miguu, na sisi hatukuwahi kujiuliza maana yake nini. Maana yake ni kwamba miguu inaweza kwenda peke yake. Nakumbuka ile sauti mpaka leo, vumbi na njuga, watu kimya.

Baada ya pale wakamwamsha babu wakamwambia alipiga hadi mwisho, akaamini. Na wakala kiapo, si unajua ya uwanjani hayatoki uwanjani, hususan yakimwaibisha mzee. Nami nikaapishwa. Leo nakivunja kile kiapo, babu atanisamehe.

Namba mbili siku ile alikuwa Baba. Namba tano alikuwa Ned.

Kwa hiyo wanajua. Baba anajua tangu miaka ishirini na miwili iliyopita kwamba timu haifi mpigaji akiondoka. Sijui kwa nini anakuambia vingine, au najua. Mkono sina wa kukupa. Nakupa hili.

Amos

*

Tadbourne,
1 Septemba 1976

Amos,

Barua yangu ya kukataa haipo nyuma ya saa. Tangu siku gani sijui, maana baada ya kupata yako sikuthubutu kuangalia mpaka leo. Baba anakula, anazungumza habari za mvua, habari za barua hataji. Simwulizi. Kama imekwenda, basi nafasi yangu imeshapewa mwingine na nitafika Aberdeen kugonga mlango wa watu wasionitarajia.

Nitagonga.

Jumapili saa nane na dakika tano uwe nyuma ya kanisa na gari, hata la kuazima, injini inawaka. Sanduku la mama nitaliacha asubuhi kwenye kibanda cha mchimba makaburi. Sitamuaga Baba kabla. Nikimuaga atasema “nenda tu, mwanangu,” na nitabaki. Nitaanza kupiga ngoma ya leso, na wakishashika mwendo nitasimama.

Kama ulikosea kuhusu 1954, nitakuwa nimemwangusha mbele ya timu nne. Sijalala siku mbili kwa hilo.

Usijibu. Percy atapima.

Hester

*

Tadbourne,
Alhamisi 9 Septemba 1976

Hester,

Mimi si mwandishi, wajua. Aliyekuwa akiandika humu ndani ni mama yako, halafu wewe.

Muziki ulipokatika nilidhani umeumwa. Nikageuka katikati ya hatua, jambo nililokukatazeni wote maisha yenu, nikakuona umeiweka kodiani kitini unapita kati ya watu. Nikajua. Ned akapiga kelele, “Wilfred, tufanyeje?” Nikamwambia, “Cheza, mbwa wee!”

Tukacheza. Percy alikwenda kushoto wakati sote tunakwenda kulia, na mruko wa mwisho tulishuka kila mtu na saa yake. Lakini tulimaliza. Wageni walidhani ndivyo tulivyopanga kwa ajili ya miaka mia. Kiongozi wa Wexbourne alinishika mkono akasema hajapata kuona kitu kama kile. Nikamjibu mimi nimekiona mara moja.

Ndiyo, nilijua. Amos ameniambia kwamba amekuambia. Sikuwa naogopa ngoma, Hester. Naogopa hii nyumba tupu. Niliona aibu kusema hivyo kwa binti yangu, nikasingizia njuga.

Amos alirudi kutoka stesheni. Sikumwita, aliingia tu, akasimama jikoni mkono mfukoni. Nilikuwa nimekaa na njuga zangu bado miguuni, siwezi kuzifikia. Alinitazama, akapiga magoti, akautoa ule mkono. Vidole vitatu. Kifungo kimoja baada ya kingine, miguu yote miwili, ilichukua muda mrefu. Sikumsaidia na hakuniomba. Alipomaliza nilimwambia babu yake alikuwa mjinga, mikono ya mtoto si mali ya mtu. Akalia, nami nikalia, tukala soseji za Ned. Alikaa mpaka Jumanne. Anasema atarudi Krismasi na Thelma.

Kiti chako nimekiingiza ndani kisinyeshewe. Mvua imerudi, nyasi zimeanza kuwa kijani. Percy anasema barua kutoka Aberdeen huchukua siku mbili. Anaipima mikono yake mitupu kila asubuhi akipita hapa, ananiambia, “Bado, Wilf.” Sikuharakishi.

Jambo la mwisho. Barua yako niliiona nyuma ya saa tarehe kumi na tano Agosti. Nilinunua stempu nikaibandika. Niliitembeza kwenye koti siku ishirini na moja, na kila siku nilipita kwenye sanduku la posta mara mbili, kwenda baa na kurudi. Siku nyingine mkono ulikuwa umeshainuka. Asubuhi ya ile Jumapili niliipeleka mpaka mdomoni mwa sanduku, nikasimama pale hadi kengele ya kanisa ikalia.

Nimeichoma. Stempu niliibandua kwanza kwa mvuke wa birika, maana haikuwa imegongwa muhuri. Ndiyo hiyo iliyokuletea barua hii.

Baba yako,
Wilfred Pratley